Haidrenjia: Ua la pembeni mwa kihamba linalohitaji hesabu

IKIFIKA Desemba, Kilema hujaa watu. Waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi nyumbani kwa Krismasi, ndoa hufungwa, na makaburi yaliyo ndani ya vihamba husafishwa na kuwekwa maua. Ni mwezi ambao mwenye bustani anaweza kuuza bila kwenda mbali. Miongoni mwa maua anayoweza kuuza ni haidrenjia, lile lenye kichwa cha mviringo kinachojaza viganja viwili.

Asili ya ua hilo ni Japani. Hupenda ubaridi, unyevu na kivuli chepesi, vitu ambavyo kihamba cha mlimani tayari kinavyo chini ya migomba na miringaringa. Kwa hiyo mkulima wa Kilema asiulize kama litaota. Aulize lipandwe wapi, kwa sababu ardhi ni finyu na kila hatua inayopewa ua imetolewa kwenye kitu kingine.

Kung'oa kahawa au mgomba ili kupanda ua ambalo wateja wake wengi hupatikana mwezi mmoja ni kamari. Mahali pake ni pembeni: kando ya mfongo, nyuma ya nyumba upande usiochomwa na jua la mchana, au mbele ya safu ya masale mpakani. Lisisongamane na mgomba, maana yote mawili hunywa maji mengi na mgomba ndio utakaoshinda.

Rangi ndiyo inayowachanganya wengi. Mtu huomba tawi la bluu kwa jirani, hulipanda kwake, kisha hupata maua ya pinki na kudhani amedanganywa. Hakudanganywa. Haidrenjia ya kawaida hufuata udongo. Penye uchachu, yaani pH ya 5.5 au chini yake, mmea hufyonza alumini na ua huwa bluu. Pakikaribia 6.5 na kuendelea, huwa pinki. Katikati hutoka zambarau au mchanganyiko.

Hapo ndipo jivu la jikoni linapoingia. Wengi hulimwaga shambani kama mbolea, bila kujua kwamba hupunguza uchachu. Anayetaka bluu alipeleke kwingine, naye anayetaka pinki amepata dawa ya bure. Asiyetaka kubahatisha anaweza kupima udongo wake. Kituo cha TARI Mlingano, Tanga, ndicho kinachoshughulikia utafiti wa udongo. Au achague aina nyeupe, ambayo haigeuzwi na udongo na inafaa harusini na msibani pia. Kwa anayeanza, huo ndio uchaguzi wenye hasara ndogo.

Mtaji ni mdogo. Vikonyo vya sentimita 10 hadi 15, kutoka matawi yasiyo na ua, hupunguzwa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Huota mizizi kwa takriban wiki tatu hadi nne. Miche ya ziada ikiwekwa kwenye viriba ni bidhaa nyingine, na huuzwa hata wakati hakuna maua.

Kosa linalokula faida ni kupogoa ovyo. Vichomozo vya maua hujitengeneza kwenye ncha za matawi ya msimu uliopita, wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti. Anayefyeka Septemba ili bustani ipendeze kabla ya wageni atapata majani matupu Krismasi. Pogoa mara maua yanapokwisha, kabla ya masika.

Matawi hayo yasipelekwe bandani. Haidrenjia ina sumu inayoweza kutoa sianidi tumboni mwa ng'ombe na mbuzi, na mlimani, ambako mifugo hukatiwa majani na kuletewa zizini, ng'ombe hana nafasi ya kuchagua. Yafukiwe shimoni, na watoto wanaotumwa majani waonyeshwe mmea huo mapema. Ng'ombe mmoja wa maziwa akifa, hakuna idadi ya maua itakayomrudisha.

Kwa kuuza, kata asubuhi vichwa vilivyokwisha kukomaa na viingie kwenye ndoo ya maji papo hapo. Vikinyauka njiani kuelekea Moshi mjini, vizamishwe vyote majini kwa muda. Mara nyingi huamka. Mwaka wa kwanza, mkulima aandike tarehe ambayo maua yake yamefunguka kabla ya kupokea malipo ya awali ya harusi ya mtu.