Picha Zile Zile, Msuko Mwingine

Tofauti ya visa na msuko hudhihirika zaidi mhariri anaposhika mkasi. Mwaka 1963, Mmarekani Roger Corman aligharimia sehemu ya Operacija Ticijan, filamu ya wizi wa mchoro na mauaji iliyopigwa Dubrovnik, Yugoslavia. Haikumridhisha. Picha zile zile zikahaririwa upya, ikazaliwa Portrait in Terror, filamu ya jinai iliyokusudiwa televisheni. Kisha Jack Hill na Stephanie Rothman, kila mmoja kwa zamu yake, wakaongeza maonyesho mapya. Mwaka 1966 ikatoka Blood Bath. Humo William Campbell ni mchoraji anayewaua wanawake anaowachora, tena mnyonya damu! Campbell mwenyewe hakurudi kuigiza unyonyaji huo. Akatumiwa mwigizaji mwingine, asiyefanana naye hata kidogo.