Mkaa kwa Kopo, Gesi kwa Mtungi

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tangu hapo mabango yameongezeka, hotuba pia. Mitungi ya gesi imegawiwa bure au kwa ruzuku mikoani. Nayaunga mkono hayo yote. Lakini kwa sisi tunaofuatilia nishati ya majumbani, mtungi wa kwanza haupimi mafanikio. Tunaangalia kama mtungi huo ulipoisha ulijazwa tena, na mara nyingi haukujazwa.

Si kwamba watu hawaelewi. Mama ntilie anayewasha jiko la mkaa kila alfajiri hahitaji semina kuhusu madhara ya moshi wake kifuani. Tatizo liko kwenye kipimo. Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa ndoo, kwa gunia. Kila mfuko una kipimo chake. Kibarua anayelipwa jioni hununua kopo moja, chakula kikaiva, na ya kesho akayafikiria kesho. Gesi humtaka atoe kwa mkupuo fedha ambayo hajawahi kuishika yote kwa siku moja. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima, mijini mara nyingi utakuta mkaa umemgharimu sawa na gesi au hata zaidi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haimsaidii mtu ambaye kipato chake ni cha siku.

Ndiyo maana naamini wafanyabiashara na vikundi vya mtaani wamewabadilisha watu wengi kuliko kampeni. Ushahidi wa zamani tunao jikoni kwetu. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na miaka ile ile likaanza kubuniwa jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo wa kuchoma ndani ya bati, kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand. Katika jiko la bati tupu, joto jingi hupotelea pembeni. Kikombe cha udongo hulizuia na kulielekeza kwenye sufuria, hivyo mkaa unaotumika hupungua kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu.

Jiko hilo halikuenea kwa kugawiwa. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walilitengeneza na kuliuza, wengine wakaiga, na hakuna aliyewazuia. Mwanzoni vikombe vilipasuka na bei ilikuwa juu. Ushindani ukaishusha na mafundi wakazidi kuujua udongo. Leo majiko ya namna hiyo yamejaa masokoni kutoka Kampala hadi Dar es Salaam. Mnunuzi alilichukua kwa sababu lilimpunguzia makopo, na msitu ukanufaika humo humo. Faida kwa msitu si ndogo: tanuri la kienyeji hula kilo sita za kuni, pengine hadi kumi, kutoa kilo moja ya mkaa.

Gesi nayo imepata kopo lake. Kampuni ya KopaGas, iliyoanzia Dar es Salaam, iliufungia mtungi mita inayowasiliana kwa mtandao wa simu. Mteja anatuma kiasi alichonacho kwa simu, mita inafungua gesi ya kiasi hicho, salio likiisha inafunga. Kampuni huona gesi iliyobaki na kuleta mtungi mwingine kabla haijakatika. Mpango wa namna hiyo uko Kenya pia. Watafiti waliofuatilia kaya za Mukuru kwa Reuben, Nairobi, wakati wa vizuizi vya Uviko mwaka 2020, walikuta zaidi ya tisa kati ya kumi za waliolipa kidogo kidogo wakiendelea kutumia gesi. Miongoni mwa waliozoea kununua mtungi mzima, takribani robo walirudi kwenye mafuta ya taa au kuni.

Mpango huo una gharama zake. Mita ni ghali, na gesi yenyewe ni zao la petroli, kwa hiyo haiwezi kuwa kituo cha mwisho. Isitoshe, serikali inaweza kubomoa kazi ya miaka kwa kodi moja: Julai 2021 Kenya iliirudishia gesi kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikaipunguza hadi 8, na 2023 ikaiondoa. Kwa familia inayohesabu sarafu, kuyumba kwa namna hiyo kunatosha kuirudisha kwenye mkaa.

Pale kampuni hazijafika, vikoba na vyama vya akina mama vimeziba pengo. Wanachama huchanga, na kila zamu mmoja wao anapata mtungi na plate zake. Kinachonivutia zaidi hapo ni mazungumzo. Mwanachama anayeogopa gesi italipuka humsikiliza jirani aliyeitumia mwaka mzima, na humwamini kuliko afisa aliyekuja na kipaza sauti.

Umeme, kwa upande wake, tayari unauzwa kwa vipande vidogo kupitia mita za malipo ya kabla, yaani LUKU na tokeni. Jiko la umeme la presha huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya yuniti moja, na maharage ndiyo yanayozifanya familia nyingi zenye gesi ziendelee kuweka mkaa uvunguni. Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe. Shirika la umeme likimkopesha mteja jiko hilo na kukata deni kidogo kidogo kila anaponunua yuniti, mama ntilie ataweza kuanza kulitumia kesho.