Anzia kwenye Daftari la Hesabu

Anayetaka kujua maisha ya Ulaya katika Zama za Kati na Renaisansi aghalabu hukimbilia tarikhi. Florence, kwa mfano, ilikuwa na Giovanni Villani, aliyeandika habari za mji wake mpaka tauni ya 1348 ikamwondoa duniani. Kazi yake haidharauliki. Lakini Villani aliandika akijua atasomwa, akachagua cha kusifu na cha kunyamazia. Ni heri mtafiti aanzie kwenye karatasi za deni, kodi na mizigo iliyochelewa bandarini, ambazo walioziandika hawakuwa na habari na sisi.

Hazina kubwa ya aina hiyo iko Prato, jirani na Florence. Francesco Datini, yatima wa tauni hiyohiyo, alitajirika Avignon kwa biashara ya silaha na bidhaa nyingine, akarudi kwao mwaka 1383. Aliwaagiza watu wake wasitupe karatasi. Alipofariki mwaka 1410 bila mtoto wa ndoa, mali yake iliachiwa maskini wa mji, na karatasi zikasahaulika nyumbani mwake hadi zilipoibuliwa mwaka 1870, zimetiwa magunia chini ya ngazi. Ni barua zipatazo 150,000 na vitabu vya hesabu zaidi ya 500, mbali na hawala na mikataba ya bima. Humo mna bei za sufu, mna hofu ya maharamia, na mna Margherita, mkewe, akimkaripia kwa kukesha akiandika barua. Tarikhi gani ingehangaika na ugomvi huo?

Watasema mbele ya mtoza kodi kila mtu ni mwongo. Kweli. Mwaka 1427 Florence iliorodhesha mali za kaya zipatazo 60,000 kwa ajili ya kodi ya Catasto, na mkazi wa mjini alipunguziwa florini 200 kwa kila mtu aliyemlisha. Nani asingeshawishika kuongeza walaji? Ila rejista hujifichua zenyewe. David Herlihy na Christiane Klapisch-Zuber, waliozichambua kwa kompyuta, walikuta umri wa watu umerundikana kwenye 40, 50 na 60: wengi walikadiria tu. Kosa lenyewe likawa habari.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba daftari huwekwa na mwenye mali. Hapo sibishi sana. Lucia, mtumwa aliyemzalia Datini binti, Ginevra, tunamjua kwa kalamu za wengine tu; hata hivyo, Villani na wenzake wasingemtaja kabisa. Ndiyo maana kabla ya kuingia maktaba inafaa kujiuliza ni nani angepata hasara karatasi ikipotea: mkopeshaji, mrithi, au serikali inayodai kodi. Huko ndiko pa kutafuta. Karatasi za Prato zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Kazi iliyobaki ni kuuzoea mwandiko wa wafanyabiashara wa enzi hizo, nao hausomeki kwa siku moja.