Vurugu zikianza, barabara ya mazoezi ndiyo hufungwa kwanza

Msee, simama kando ya barabara ya Eldoret kwenda Iten kabla jua halijachomoza. Utaona makundi ya wanariadha yakipita, wengine na viatu vya maana, wengine vya mtumba. Tumezoea kusema siri ni mwinuko (mji uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari), ama ni mursik. Sawa. Lakini kuna kitu hatukihesabu: hao watu wanaweza kukimbia kilomita 30 bila kuogopa mtu.

Kuna wakati hawangethubutu. Matokeo ya urais yalitangazwa Desemba 30, 2007. Kesho yake Lucas Sang, aliyekimbilia Kenya katika Olimpiki za Seoul 1988, aliuawa hapa Eldoret. Siku hizo hizo Luke Kibet, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Osaka, alipigwa jiwe kichwani. Januari 1 kanisa la Kiambaa likachomwa na watu wakiwa ndani. Mwezi huo huo Wesley Ngetich, mshindi mara mbili wa Grandma's Marathon ya Marekani, aliuawa kwa mshale Trans Mara.

Halafu Agosti, Beijing: Samuel Wanjiru akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni Olimpiki, kwa saa 2:06:32. Pamela Jelimo na Wilfred Bungei wakabeba mita 800. Tukashangilia pamoja, Mkikuyu na Mkalenjin, kana kwamba Januari haikuwepo.

Tuseme ukweli, medali hizo zilituziba macho. Wengi wa waliozishinda walikuwa wameshaiva kabla ya vurugu. Aliyeumia ni yule wa miaka 16 aliyekuwa ndio anaanza, kundi lake likatawanyika, naye hayumo kwenye rekodi yoyote.

Na usidhani hiyo ni historia. Ukiwa Iten, angalia chini ya lile genge: hilo ndilo Bonde la Kerio, ambako wizi wa mifugo umeua watu na kufunga shule mara nyingi. Tegla Loroupe, Mpokot aliyeshinda New York 1994, aliliona hili mapema. Tangu 2003 amekuwa akiandaa mbio za amani, vijana wa jamii zinazoibiana ng'ombe wakimbie barabara moja. Baadaye akawanoa wakimbizi kule Ngong, na watano kutoka Sudan Kusini wakafika Rio 2016.

Poa sana. Ila mbio za siku moja hazimtengenezi mwanariadha, manze. Mbio za Kenya huanzia shule ya msingi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, hadi taifa. Shule ya Kerio ikifungwa mwezi mzima kwa sababu ya risasi, mtoto hakosi hesabu peke yake. Anakosa zoni, na zoni ikipita inangojewa mwaka mwingine.