Istilahi ya Maada Ambatani: Kutoka Kuta za Manga hadi Antena za Anga za Juu

Katika nchi ya Abagusii, kandokando ya mwinuko wa Manga, nyumba za jadi zilijengwa kwa miti na fito, kisha zikakandikwa udongo. Fito huzuia ukuta usibomoke; udongo huzishikanisha fito na kuziba upepo. Kila kimoja hubaki na tabia yake, ila nguvu hutokana na umoja wao. Msingi huohuo hutumika katika antena nyingi za vyombo vya anga za juu, ambazo huundwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi ngumu ya epoksi.

Neno "mchanganyiko" halitoshi kutaja vitu hivi, kwani sukari iliyoyeyuka katika chai nayo ni mchanganyiko. "Maada ambatani" yafaa zaidi: kama ilivyo katika nomino ambatani "mwanamaji", viambajengo havipotei. Tofauti hii si ya maneno matupu, maana udhaifu wa maada hizi mara nyingi huanzia pale nyuzi na gundi zinapokutana.

Chombo kinachoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 400 hivi hupita juani na kivulini mara 15 au 16 kwa siku. Joto likipanda gundi hutanuka, ilhali nyuzi za kaboni karibu hazirefuki kabisa. Mvutano huo ukirudiwa huzaa nyufa ndogondogo. Aidha, ombwe huifanya gundi itoe mvuke, na oksijeni ya atomi huila. Sahani ya antena ikipotoka kwa wastani wa 1/20 ya urefu wa wimbi, takriban theluthi ya nguvu ya mawimbi hupotea.

Kwa hiyo vipande vya maada hutiwa katika chumba cha ombwe, hupashwa joto na kupozwa mara nyingi, tena hutikiswa. Vingine vilijaribiwa hukohuko juu, katika chombo cha Marekani LDEF, kilichorushwa Aprili 1984 na kurejeshwa Januari 1990. Kuyaita haya "majaribio ya mazingira" kwaweza kufahamika kuwa mazingira ndiyo yanayojaribiwa. "Majaribio ya kustahimili mazingira" ni istilahi ndefu, lakini haipotoshi.

Tangu 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipoachiliwa angani tarehe 11 Mei 2018, elimu hii si ya wageni tena. Istilahi ikipotosha, mwanafunzi atautafuta ufa mahali usipokuwepo.