TUIJUE KILIFI: NCHI YAKE, HISTORIA YAKE NA KISA CHA HATI ZA MASHAMBA



Katika semina zetu hapa Karen, vikundi vya bara na vikundi vya Pwani hukaa meza moja. Kuna swali ambalo hurudi kila mara. Wa bara huwauliza wenzao wa Pwani: "Nyinyi mna minazi, mna bahari, mna watalii. Mbona hamjengi nyumba za kudumu? Mbona hampandi miembe mingi mkauza?" Wengine husema wazi kwamba watu wa Pwani ni wavivu. Neno hilo linaumiza, tena si la kweli. Mtu hapandi mwembe mahali ambapo kesho anaweza kuambiwa, "Toka, hapa si kwako."

Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vyema tueleze habari za kaunti moja ya Pwani, Kilifi. Ukijua nchi ilivyo na mambo yalivyotokea, utaelewa kwa nini familia nyingi zinalima shamba la mababu zao na hazina hata karatasi moja mkononi. Tena wenzetu wa Kilifi wenyewe watapata mahali pa kuanzia.

NCHI YENYEWE

Kilifi iko kaskazini mwa Mombasa. Ni moja ya kaunti 47 za Kenya, na ilianza kazi mwaka 2013 kwa kuunganisha wilaya za zamani za Kilifi na Malindi. Ukubwa wake umepita kilomita za mraba 12,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787, na wengi wao wanaishi vijijini.

Sisi wa Karen tuna undugu na Kilifi hata kama hatujui. Mto Mbagathi, unaopita kusini mwetu, unaingia katika mto Athi. Athi ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana. Ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, na unamwaga maji yake kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, na udongo huo umetoka huku juu. Kwa hiyo mkulima wa bara asiyechimba matuta anapeleka shamba lake Malindi kidogo kidogo.

Ukitoka baharini kwenda ndani, Kilifi ina sehemu tatu kubwa.

Kwanza ni ukanda wa pwani. Hapa kuna mchanga na mawe ya matumbawe, na mvua inatosha. Minazi, mikorosho, miembe na muhogo hustawi. Hapa ndipo kuna miji ya Kilifi, Watamu na Malindi, mikoko ya Mida, na msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 420.

Pili ni vilima vya Rabai, Ribe, Kaloleni na Chonyi. Hapa pia minazi ni mingi, na watu wamebanana.

Tatu ni nyika, upande wa Ganze na Bamba. Huku mvua ni chache, mahindi hukauka mara kwa mara, na watu hutegemea mifugo na makaa.

Mvua za masika hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Lakini kadiri unavyokwenda mbali na bahari ndivyo zinavyopungua. Basi shika jambo hili moja: sehemu kubwa ya ardhi nzuri iko karibu na bahari. Ndiyo iliyogombaniwa.

WATU WALIOKUWAPO

Wenyeji wengi wa Kilifi ni Wamijikenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe na Waribe. Wazee husimulia kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakajenga kaya zao ndani ya misitu. Kaya ilikuwa kijiji, ngome, na mahali pa maombi na mashauri. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziandika baadhi ya kaya hizo katika orodha ya urithi wa dunia.

Kando ya bahari walikaa Waswahili, wavuvi na wafanya biashara. Magofu ya Gede yanatuonyesha mji wa mawe wenye misikiti, visima na jumba la mfalme, uliohamwa katika karne ya 17. Malindi ulijulikana mbali sana. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa hapo vizuri. Na mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alishuka Malindi akiwa njiani kwenda India.

Wareno walitawala Pwani mpaka Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698. Katika karne ya 19 Pwani ikawa chini ya Sultani wa Zanzibar. Wenye mali wakafungua mashamba makubwa ya nafaka na minazi kandokando ya Malindi na Takaungu, na kazi ilifanywa na watumwa. Watumwa wengine walitoroka wakaanzisha vijiji vyao, na wengine walikimbilia Rabai, ambako wamishonari Krapf na Rebmann walikuwa wamefungua kituo mwaka 1846. Sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1907. Mtumwa aliachiliwa, lakini hakupewa shamba. Alibaki palepale akilima ardhi ya mtu mwingine.

MAILI KUMI ZA SULTANI

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba ukanda wa maili 10 (kilomita 16) kutoka baharini ni wa Sultani wa Zanzibar. Wenyeji wa huko hawakuulizwa. Mwaka 1895 Sultani akawapa Waingereza ruhusa ya kuuendesha ukanda huo, nao wakawa wanamlipa kila mwaka. Hivyo Kenya ikawa na sehemu mbili: koloni huku bara, na eneo la ulinzi kule Pwani.

Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya ukanda huo. Sheria ilisema hivi: kila anayedai ardhi aje mbele ya msajili atoe madai yake na ushahidi. Akikubaliwa anapata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa inakuwa mali ya serikali.

Ukiisikia, unaweza kusema ni sheria ya haki kwa wote. Lakini tufikirie. Nani alijua kusoma tangazo? Nani alikuwa na karatasi za kuonyesha? Nani angeweza kufika kwa msajili? Walioweza ni wenye mashamba makubwa na jamaa zao, wengi wao wakiwa Waarabu na baadhi ya Waswahili. Kwa Wamijikenda ardhi ilikuwa ya ukoo. Mtu alijulikana kwa mji wake na kwa makaburi ya wazee wake, si kwa karatasi. Wengi hawakudai, kwa sababu hawakujua kwamba kitu walicho nacho kinahitaji kudaiwa. Siku ile ilipopita, mtu aliyelala mwenyeji aliamka skwota.

MEKATILILI

Watu hawakunyamaza. Waingereza walitaka Wagiriama walipe kodi ya nyumba, watoe vijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, na wahame kaskazini mwa mto Sabaki, ambako udongo ulikuwa mzuri. Mwaka 1913 mama mjane, Mekatilili wa Menza, akiwa na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwakusanya watu wakala kiapo cha kukataa. Wakakamatwa na kupelekwa Kisii, upande mwingine kabisa wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka na kurudi nyumbani kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama waliuawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikatwaliwa, na waliokuwa kaskazini mwa Sabaki wakahamishwa.

Tunataja habari hii kwa sababu vikundi vingi vya Kilifi ni vya akina mama. Waliojitokeza mbele kutetea ardhi tangu zamani ni pamoja na akina mama.

UHURU NA AHADI YA 1963

Oktoba 1963, kabla ya uhuru, Sultani wa Zanzibar aliachia madai yake na ukanda ukaunganishwa na Kenya. Lakini kulikuwa na masharti. Serikali ya Kenya iliahidi kwamba hati za kudumu zilizokwisha kuandikishwa Pwani zitaheshimiwa. Kwa maneno mengine, yale yaliyofanywa kwa sheria ya 1908 yalibaki. Bendera ilibadilika, hati hazikubadilika. Mwenye shamba angeweza kukaa mbali miaka nenda miaka rudi, na aliyelima akabaki skwota.

Serikali ilianzisha mipango ya kuwapa watu makao. Mmojawapo ulikuwa Magarini, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Australia. Lakini huko maji yalikuwa shida, kilimo kilikuwa kigumu, na hati zilichelewa. Mwaka 2009 Sera ya Taifa ya Ardhi ilikiri kwamba ukanda wa maili kumi una tatizo lake linalohitaji kushughulikiwa.

Tusidhani kwamba maskwota walikuwa Pwani tu. Hata hapa Karen palikuwa shamba la kahawa, na familia za Wakikuyu ziliishi juu yake kama maskwota. Kampuni ilipouza shamba mwaka 1931 likatwe viwanja, familia hizo zilibidi kuondoka, zikapewa mahali pa kuhamia pamoja Dagoretti. Wao angalau walihama kama jamii moja. Wengi wa Pwani hawakupata hata hilo.

HATI INAVYOGUSA KIKUNDI CHENU

Shida hii huonekana katika mambo ya kila siku. Asiye na hati hawezi kuweka shamba rehani benki. Wenye mashamba wengine huwakataza wakaaji kupanda miti ya kudumu kama mkorosho na mnazi, kwa sababu mti ni dalili ya umiliki. Kwa hiyo watu hupanda mahindi na muhogo tu, vitu vya msimu mmoja. Kikundi kikitaka kujenga tanki la maji au shule ya chekechea, mfadhili anauliza, "Kiwanja ni cha nani?" Hapo kazi inakwama. Basi anayesema "uvivu" aangalie kwanza karatasi, ndipo aangalie jembe.

TUFANYE NINI?

Hatua ya kwanza ni kujua mko juu ya ardhi ya aina gani. Katiba ya 2010 inataja aina tatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya mtu binafsi. Kila moja ina mlango wake. Mtu mmoja wa kikundi atumwe ofisi ya ardhi na nambari ya shamba, aombe taarifa rasmi, ile ambayo wengi huita "serchi". Gharama mchangiane.

Kama ni ardhi ya jamii, someni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Jamii hukutana, huandika orodha ya watu wake, na huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Akina mama na vijana waandikwe pia, wasisahauliwe.

Kama ni ya mtu binafsi na mmekaa humo wazi, bila ruhusa yake na bila kukatizwa kwa miaka 12 au zaidi, sheria inawaruhusu kuomba umiliki kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini angalieni sana: aliyekuwa akilipa kodi au aliyekaribishwa na mwenyewe hahesabiwi hivyo. Msiweke kidole gumba kwenye karatasi yoyote kabla ya kusomewa na mtu mnayemwamini. Kesi hii inahitaji wakili, na Kituo Cha Sheria huwasaidia wasio na uwezo.

Kama ni ardhi ya umma, njia ya miaka 12 haifanyi kazi. Hapo mlango ni Tume ya Taifa ya Ardhi na ofisi za kaunti.

Kwa vyovyote, wekeni kumbukumbu. Andikeni majina ya wazee waliozikwa hapo, mwaka kisima kilipochimbwa, miti mikubwa na aliyeipanda. Piga picha, wekeni tarehe. Mwaka 1908 wengi walishindwa kwa kukosa ushahidi. Pia kikundi kiandikishwe rasmi. Sheria ya vikundi ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Mkikwama, mwoneni paroko au kamati ya Haki na Amani ya parokia. Malindi ni jimbo la Kanisa tangu mwaka 2000, na kwenu Kanisa si mgeni.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, Mungu anasema ardhi ni yake, na mwaka wa Jubilei kila familia irudi kwenye urithi wake. Na katika 1 Wafalme, sura ya 21, Nabothi alikataa kuuza shamba la baba zake hata kwa mfalme. Kudai shamba la wazee wako kwa njia ya haki si fujo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mababu zetu walifikaje mahali tunapoishi? Nani bado anakumbuka?
2. Shamba tunalolima limeandikwa jina la nani? Je, jina la mama limo?
3. Ni mradi gani wa kikundi chetu umekwama kwa sababu ya ardhi?
4. Tutamtuma nani ofisi ya ardhi, na lini?

Mkishajadili, tuandikieni majibu yenu ili wenzenu wa vijiji vingine nao wajifunze. Mungu awabariki katika kazi zenu.