Fahamu: Tathmini ya mtandaoni katika somo la Kichina

Tathmini bainishi ya mtandaoni ni jaribio linalofanywa kwa kompyuta au simu ili kuonyesha mwanafunzi amekwama wapi. Haitoi cheti, tofauti na HSK, mtihani wa kimataifa wa Kichina.

Nchini Kenya, Taasisi ya Confucius, kituo cha lugha na utamaduni wa China, ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika. Baadaye Kichina kiliingia katika mtaala wa umilisi, kikiwa lugha ya kigeni ya hiari.

Kwa mwanafunzi wa Kitale au Bungoma, sehemu ya kusikiliza ya tathmini hiyo ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Kichina sanifu kina toni kuu nne. Lubukusu, lugha inayozungumzwa na wengi wa huko, nayo ni lugha ya toni, ila toni zake hufanya kazi kwa namna nyingine. Tena haitenganishi sauti za p na b jinsi Kiswahili kinavyofanya, ilhali Kichina hutenganisha jozi hiyo kwa nguvu ya pumzi. Kosa moja la imla basi laweza kutokana na toni, pumzi au herufi iliyosahaulika. Jaribio likiyatenganisha hayo, mwalimu hujua arudie lipi.

Penye mtandao dhaifu, sauti zipakuliwe mapema, la sivyo alama zitapima intaneti badala ya mwanafunzi.